Pikapu ya kuvuta tela bila kuchemsha: tupeane uzoefu

Mkulima Usa River
Wakuu habari za jioni. Leo pale Kikatiti nimeona jamaa kasimamisha pikapu pembeni, boneti juu, mvuke unatoka, nyuma tela lina ng'ombe wawili wanahema juani. Imeniuma. Nataka pikapu ya kuvuta tanki la maji lita 1,000 kutoka huku hadi shambani Makuyuni. Injini ipi haichemshi? Waliovuta ndio waseme, sio waliosikia.

Dereva Himo
1HZ, ile injini ya dizeli ya Toyota. Silinda sita, cc 4,164, haina turbo, hedi (kipande cha juu cha injini) na bloku vyote chuma. Miaka 11 napanda nayo Marangu na tela la mbao.

Mama Ndizi Mwika
Naunga mkono Himo.

Kijana wa Sakina
1HZ bei yake mnaijua? Mwambieni achukue 5L, dizeli ndogo ya Toyota, amalize. Haina turbo na fundi wa uchochoroni anaijua.

Dereva Himo
5L na tani nzima ya maji kwenye kilima utapitwa na bodaboda, mangi.

Mpukuchuaji
Mkuu umenikumbusha mbali. Mwezi wa nane tumetoka kupukuchua mahindi Magugu wiki nzima, tunavuta mashine kwenda Karatu. Pikapu turbo dizeli lita 3. Pale Mto wa Mbu geji ya joto iko katikati nikasema twende. Tunapanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona ya pili geji ikaanza kupanda, nikasema nifike tu pale juu watalii wanapopigia picha ziwa, hilo ndilo kosa langu. Mara geji ikashuka ghafla nikafurahi, kumbe maji yameisha na sensa inapima mvuke. Injini ikazima. Injini ikizima na breki inakosa msaada, pedali ikawa ngumu napiga mguu wote gari inarudi tu, mashine imeshaanza kujikunja kuelekea bondeni. Tingo akaruka akaweka jiwe kwenye tairi la mashine, likasagika, akaweka la pili, likashika. Nilishuka nikakaa kwenye mtaro nimeshindwa hata kuongea. Tulipofungua mbele, kati ya kondensa (ile kama rejeta ndogo ya AC) na rejeta kumejaa makapi ya mahindi, yamebanana kama godoro. Kila siku naosha gari ila pale sijawahi kuchungulia. Hedi ilishapinda.

Kijana wa Sakina
Huyo tingo yuko wapi sasa?

Mama Ndizi Mwika
Mungu ambariki popote alipo.

Mpukuchuaji
Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yuko Babati, ana watoto watatu.

Fundi Majengo
Jamani turudi kwenye swali. Hedi nyingi za turbo dizeli ni aluminiamu, ikipata moto inatanuka kuliko bloku ya chuma, inapinda, gasketi inakwisha. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) na mfuniko mzima wa rejeta, presha yake inafanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Na huku juu tuliko, maji bila presha yanachemka kabla ya 100.

Bosi wa Kokoto
Mi natoa thamostati tu, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, maji yanatembea bure.

Fundi Majengo
Bosi usimpoteze mwenzio! Kuna injini ukiitoa maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, ndio inachemsha zaidi.

Bosi wa Kokoto
Yangu mwaka wa nne haijachemsha.

Fundi Majengo
Siku ukiweka tela mlimani utanitafuta.

Dereva Himo
Kilimani gia ndogo mapema, usisubiri injini ikorome. Ikizunguka haraka, feni na wota pampu navyo vinazunguka. Zima AC, washa hita hata kama mnaungua humo ndani.

Mkulima Usa River
Asanteni sana. Kuna 5L imetangazwa Moshi mjini, kesho naenda kuiona.

Fundi Majengo
Nenda alfajiri kabla hawajaiwasha, mwambie asiipashe. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa baridi. Ukikuta mafuta yanaelea au maji yana rangi ya kutu, rudi zako Usa.

Mpukuchuaji
Na chukua tochi, chungulia nyuma ya kondensa.