AP nane za hosteli Maseno haziioni kontrola, nisaidieni kabla ya Jumamosi

FundiMaseno: Wakuu, nahudumia hosteli ya wanafunzi, AP 12 za Cisco (vifaa vya kurusha Wi-Fi). Tangu juzi nane haziioni kontrola, kifaa kinachoziongoza zote. Taa zinabadilisha rangi usiku kucha, hazitulii. Kwa laptopu naipingi kontrola vizuri, yaani naiita na inajibu. Nimebadilisha waya, nimeriseti mbili, wapi! Wanafunzi wana mitihani na mwenye nyumba hanipi pumzi kwa simu.

Radi_Kakamega: Hiyo ni radi. Huku mvua ya jioni ilinichomea swichi nzima. Siku hizi wingu likitanda tu, nachomoa.

Mkesha: Angalia saa ya kontrola. Yangu ilirudi nyuma miaka baada ya stima kupotea, vyeti vya AP vya kujitambulisha vikaonekana havijaanza kutumika, AP zote zikakataliwa. Nilikesha siku mbili.

MtuWaSwichi: Ndugu, kuna kitu kilihamishwa? AP na kontrola ziko sabneti moja, yaani kipande kimoja cha mtandao?

FundiMaseno: Saa iko sawa. Kontrola niliipeleka ofisini Kisumu wiki jana. Stoo imevunjwa mara mbili, ningeiacha humo? VPN ya kuunganisha Maseno na Kisumu ipo, ndiyo maana naipingi. Kwa hivyo shida si hiyo.

MtuWaSwichi: Ndiyo hiyo hasa. AP ikiwaka haijui kontrola iko wapi. Inaita kwenye sabneti yake, na mwito huo hauvuki rauta. Kontrola ilipokuwa jirani iliitika. Wewe unapingi kwa kuwa anwani unaijua. AP nani kaiambia?

Nyakach01: Uzi wa kutunga huu. Kontrola ikihama, zote 12 zinapotea. Hizo nne zinaishije?

FundiMaseno: Sijatunga! Nne nilizifunga kwa shuka zisikwaruzike, nikapanda nazo matatu hadi Kisumu, nikazichomeka kwenye swichi ya ofisini. Zikaingia. Nikazirudisha, zinafanya kazi hadi leo. Jumamosi nabeba nane zilizobaki, nauli nimeshapewa.

Nyakach01: Basi nimekuamini, samahani. AP hukumbuka anwani ya kontrola iliyowahi kujiunga nayo: nne zinajua ya Kisumu, nane zimebaki na ya zamani.

Mama_Luanda: Mwanangu, mwenye nyumba anajua uliihamisha? Mwambie leo, asisikie kwa watu.

MtuWaSwichi: Usizibebe. Siku mtu akiziriseti zitasahau, urudi barabarani na shuka lako. Kwenye DHCP ya Maseno, ile inayogawia vifaa anwani, weka opsheni 43, inayoiambia AP kontrola iko wapi. Kontrola ikiwa 192.168.10.5, andika f104c0a80a05: f1 ni aina, 04 ni baiti nne za anwani moja, zilizobaki ni anwani yenyewe kwa heksadesimali. Kisha hakikisha VPN inapitisha UDP 5246 na 5247, milango ambayo AP na kontrola huongea kupitia.

FundiMaseno: Lakini kubeba nimeshaona kunafanya kazi, hii sijawahi kuigusa.

MtuWaSwichi: Jaribu moja tu.

FundiMaseno: Nimeandika, nimechomoa ya korido ya chini na kuirudisha. Dakika kama nne hivi, taa imetulia kijani. Nahesabu wanafunzi 19 juu yake tayari. Napanda ghorofa ya pili.