Mmempa mgeni jina la utani, kisha mkamwacha matopeni

Ndugu waendeshaji,

Nimengoja siku tatu kabla ya kuandika, kwa kuwa marehemu baba alinikanya nisijibu jambo lolote nikiwa bado na hasira. Siku tatu zimepita na hasira iko pale pale, basi naandika nayo. Malalamiko yangu yanahusu safari yetu ya Jumamosi ya pikipiki za matopeni, kutoka Bombo kwenda upande wa Zirobwe, hapa Luwero, Uganda. Yanawahusu wote waliokuwepo, pikipiki nane, nikiwemo mimi niliyecheka pamoja nanyi tangu asubuhi hadi karibu na mchana.

Kijana yule nilimleta mimi. Anaendesha bodaboda hapa Bombo, huu ni mwaka wake wa sita, na mtu anayepakia abiria wawili na gunia la mkaa juu ya Bajaj Boxer, akashuka nao mteremko wa udongo mwekundu uliolowa mvua bila kuwamwaga, hahitaji kufundishwa na yeyote kati yetu namna ya kusimama juu ya magurudumu mawili. Alichokosa ni mazoea ya pikipiki hizi zetu na mazoea ya watu wake. Alidunduliza pesa hadi akanunua Honda XL125 iliyokuwa mali ya mradi fulani wa kilimo, yenye kichanja kipana cha chuma nyuma na nembo ya mradi iliyokwanguliwa kwa kisu ubavuni mwa tangi. Alikuja nayo amevaa gambuti, maana mabuti ya motokrosi, hata yale ya mtumba, bei yake inalisha nyumba nzima kwa wiki kadhaa.

Mlipomwona mkaanza. Mmoja akasema Bwana Shamba amefika kukagua kahawa. Mwingine akatazama zile gambuti, akatazama kichanja, akauliza makopo ya maziwa yako wapi. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Muuza Maziwa, na ni lazima nikiri kwamba jina lile lilimkaa vizuri, kwa sababu kila mtu wa Luwero amewahi kupishana alfajiri na mtu aliyevaa vile, makopo yakimgongana nyuma. Kijana mwenyewe alicheka. Alijibu kwamba maziwa yapo, anayetaka nusu lita aje na chombo chake. Nikafurahi moyoni, nikajua ameingia, kwa sababu mtu anayejibu utani kwa utani huwa amekwisha kukaribishwa. Hadi hapo sina lawama kwa mtu yeyote, na ningeomba wale watakaokimbilia kuandika chini ya uzi huu kwamba nimekuwa mzee nisiyetaka mchezo warudi wakaisome aya hii mara ya pili.

Lawama yangu inaanzia kwenye kituo cha mafuta. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye miaka mingi katika mchezo huu, ambaye simtaji jina kwa kuwa anajijua, alimshika kijana begani kwa sauti ya upole kabisa akamwambia kwamba pikipiki ya matopeni haiendeshwi kwa petroli tupu, sharti ichanganywe na oili. Kijana aliuliza swali la mtu mwenye akili: mbona Boxer yake haichanganywi? Akajibiwa kwamba Boxer ni ya lami, ila hii itapandishwa injini kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji kulainishwa kutoka juu na kutoka chini. Kijana akatoa pesa, akanunua nusu lita ya oili, akaimimina yote katika tangi. Nilikuwa upande wa pili nikirekebisha cheni. Nilisikia kicheko, sikuuliza kinahusu nini.

Kwa faida ya wageni wengine watakaopita hapa, nieleze jambo hili kwa ufupi, maana inaelekea kuna wazee wanaolionea choyo. Injini za mipigo miwili, kama ile ya Yamaha DT125, huunguza oili pamoja na petroli kwa sababu hazina dimbwi la oili chini la kulainishia mashine yake, na hata hiyo DT ina tangi dogo la oili na pampu inayojichanganyia yenyewe. XL125 ni injini ya mipigo minne. Oili yake inakaa chini, peke yake, wala haina shughuli na petroli. Ukiichanganyia, inatoa moshi, plagi inaloa na kushika masizi, cheche inadhoofika, na mwisho injini inakataa. Na hata katika injini zinazohitaji mchanganyiko, kipimo kinachotumika sana ni cha sehemu moja ya oili kwa sehemu 40 za petroli, yaani mililita 25 kwa lita moja. Yeye alimwagishwa nusu lita katika tangi lisilofika lita kumi. Kwa hiyo msiniambie kwamba ulikuwa ni mzaha wa kupita.

Tulipotoka, moshi ukaanza. Nyote mliuona, ulikuwa mweupe unaoelekea ubuluu, ukitulia juu ya migomba kana kwamba kuna mtu anachoma takataka. Mmoja akapaza sauti kwamba treni ya Kasese imefufuka. Nami nikacheka. Nilidhani ni injini kuukuu inayokula oili, jambo la kawaida kwa pikipiki za miradi ambazo hupitia mikono ya madereva kumi kabla ya kupigwa mnada. Nilicheka, na ndiyo sababu ninaandika kwa jina langu la humu ndani badala ya kujificha.

Bondeni tulikuta mvua ya usiku imekwisha kufanya kazi yake. Sisi wengine tulikuwa tumepunguza upepo wa tairi hadi psi 14 hivi, kila mtu kimya kimya, akiinama kama anafunga kamba za buti. Hakuna aliyemwambia kijana. Tairi zake zilikuwa ngumu kama za barabarani, na tairi ngumu katika tope lile halishiki, linazunguka tu na kuchimba. Akajitahidi hadi katikati ya mafunjo, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Niliisikia ikizima. Nikatazama nyuma, nikaona wawili wenu wamesimama karibu naye, simu zimeinuliwa, nikaamini kwamba waliosimama wamesimama kusaidia. Nikapanda mlima.

Tulikaa pale juu kwenye kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Nilikuwa nimekula nusu ya chapati yangu wale wawili walipofika, wakicheka, wakatuonyesha video. Nikauliza, kijana yuko wapi? Mmoja akajibu, "Anakamua." Kila mtu akaangua kicheko, ila mimi chapati ilinikwama kooni, kwa sababu ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Nilirudi peke yangu. Ninawataka mjue nilichokikuta, kwa sababu hakimo katika video yenu. Alikuwa ameketi juu ya kichanja cha pikipiki yake, ambayo ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli ya nyuma. Gambuti la mguu wa kushoto lilikuwa limenaswa na tope na kubaki humo, mdomo wake ukionekana kama mdomo wa chungu kilichozikwa. Mguu ulikuwa na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba. Watoto wawili waliokuwa wakienda kuchota maji walikuwa wamemwazima spana ya baiskeli ya kwao, na kwa spana hiyo isiyokuwa ya saizi yake alikuwa amekwisha kuifungua plagi bila kuharibu nati, jambo ambalo baadhi yenu wenye mikoba ya zana za kigeni hamliwezi. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili, nyeusi, inang'aa kama mbegu ya papai iliyotemwa sasa hivi, akijaribu kuikausha kwa kiberiti. Alinitazama akasema, "Mzee, nilifikiri mmekwenda kutafuta kamba."

Hakusema zaidi. Ndipo nilipoinusa ile plagi, nikafungua tangi, nikaelewa.

Tulimwaga petroli yote katika jerikani, tukaweka ya kwangu, nikampa plagi ya akiba ninayotembea nayo, tukapunguza upepo wa tairi, na wale watoto wawili wakavuta kwa mbele huku sisi tukisukuma. Iliwaka kwa kiki ya kumi na kitu. Nyinyi mlikuwa mmekwisha kuondoka. Alipofika kwake jioni, video ilikuwa imekwisha kuzunguka kwenye simu za wenzake wa stendi, imetiwa muziki, na abiria wake wa kwanza Jumapili asubuhi alimwita Muuza Maziwa. Jina mlilompa kwa furaha sasa limekuwa la kumdhihaki mbele ya watu wanaompa riziki.

Najua jibu litakaloletwa, kwa sababu nimeshalisikia kwa simu: sote tulipitia hayo. Mimi nakataa. Nilipoanza, nilikuja na DT iliyochoka, tukaingia barabara za miwa upande wa Lugazi, nikaanguka mara tatu kabla ya kuuona msitu wa Mabira. Mlinipa jina la Askari wa Miguu, kwanza kwa sababu nusu ya safari nilitembea kando ya pikipiki, na pili kwa sababu ya Kiswahili changu cha kambini, ambacho watu wengi wa hapa hadi leo wanakisikia kama lugha ya kuamrishia watu walale chini. Lilinichoma kidogo, kisha likanipendeza, na nimeliandika juu ya helmeti yangu. Lakini aliyenipa jina hilo aliendesha nyuma yangu siku nzima. Nilipovunja mkono wa klachi, alitoa wa akiba katika mkoba wake, akanifungia kwa mikono yake huku akinitukana. Pale Najjembe alininunulia kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, akasema askari hapigani na njaa. Nilipitia hayo. Kijana huyu hakupitia hayo.

Baba alijifunza utani kwa wanajeshi wa Tanzania waliofika huku mwaka 1979, na alikuwa akitusimulia jinsi mtani anavyoweza kuingia kaburini siku ya mazishi, akalala humo, akadai hatoki hadi alipwe, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado usoni. Tuliposhangaa, alituambia tusisahau kwamba huyo huyo ndiye aliyekuwa akilichimba kaburi tangu alfajiri. Ninyi mmetaka kulala kaburini bila kushika jembe.

Na kuna jambo jingine ambalo limeniuma zaidi hata ya ile oili. Miezi miwili iliyopita alikuja mwanachama mpya mwenye KTM, pikipiki ya bei kubwa, ambayo plastiki zake zilikuwa bado zinanukia duka. Akaanguka mahali pakavu, tambarare, kwenye njia ambayo bibi kizee hupita na kuni kichwani. Watu watano walishuka kumwinua. Mmoja alimpangusia miwani. Hakuna aliyetoa simu, hakuna aliyempa jina, na jioni mlimwandikia kwamba kila mtu huanguka na ardhi ile ilikuwa na hila. Kwa nini ardhi ya bondeni haikuwa na hila Jumamosi? Kama utani wetu unajua bei ya pikipiki kabla ya kufungua mdomo, basi tutafute neno jingine la kuuita.

Nendeni Busiika au Garuga siku ya mashindano ya motokrosi, mtazame wale watoto wadogo wa cc 50. Mmoja akianguka, bendera ya njano inapepea, walio nyuma yake hawaruhusiwi kupitana pale, na mara nyingi mtu wa kwanza kumfikia huwa hana hata undugu naye. Hao wanashindania kombe. Sisi hatukuwa tukishindania chochote isipokuwa rolex.

Ninachodai ni hiki. Aliyemshauri kijana kuhusu oili alipe gharama ya kusafisha kabureta, plagi mbili na petroli iliyomwagwa. Risiti za fundi ninazo, na kijana amezilipa kwa pesa aliyokuwa amewekea malipo ya wiki ya Boxer. Video ifutwe na wote walioisambaza, na walioirekodi wamwombe radhi ana kwa ana, stendi, mbele ya wenzake, kwa sababu huko ndiko mlikompelekea aibu. Kuanzia safari ijayo ajulikane kabla ya kuondoka ni nani anayeendesha mwisho, na mtu huyo asimpite yeyote aliyezimikiwa. Zamani tulifanya hivyo bila kuambiana; sijui tuliacha lini.

Nilimwuliza kijana kama atarudi. Alisema anafikiria kuirudisha pikipiki kwa aliyemuuzia, kisha akaniuliza upepo wa 14 ni kwa tairi zote mbili au ya nyuma tu.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa kituo kile kile cha mafuta nikiwa na kamba ya mita kumi, plagi za akiba na kipimo cha upepo. Naendesha mwisho. Anayetaka kuja na aje, na mwenye deni aje nalo mkononi.

Askari wa Miguu
Bombo