Mheshimiwa, ile 966 yangu ya NSSF iko wapi?

Jameni, nimevumilia hadi basi: kila mwezi nakatwa shilingi 966 za NSSF, akiba yetu ya uzeeni, na haziwasilishwi. Naandika nikiwa na hasira, na kama nitamkosea mtu heshima humu atanisamehe baadaye.

Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki hapa Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Jina la kampuni silitaji kwa sababu bado nahitaji kula. Huu ni mwaka wa nne, lakini ukiangalia karatasi zangu utadhani niliingia juzi. Mkataba ni wa miezi mitatu. Ukiisha unapumzishwa siku kumi nyumbani bila senti, halafu ajenti anakupigia simu uje utie sahihi mwingine wa miezi mitatu. Sheria ya Ajira inampa mtu likizo ya siku 21 kwa kila miezi 12 ya kazi mfululizo. Sasa hapa nani atawahi kufikisha miezi 12? Tutazeeka hapo na hatutaifikisha.

Hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonitoa machozi ni cha Jumanne ya wiki jana.

Shifti ya usiku, krasha ilimshika vidole mama mmoja tunayemwita Mathe. Krasha ni ile mashine ya kusaga plastiki kuukuu. Kifuniko chake cha usalama kilitolewa tangu Januari, eti kinachelewesha kazi. Vidole viwili vikaenda. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Tulimfunga mkono na leso yake mwenyewe, maana kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na mkasi na bendeji moja iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Tukambeba hadi mlangoni, tukakuta kufuli. Usiku tunafungiwa kwa nje ili tusiibe chupa. Chupa tupu! Ufunguo alikuwa nao supavaiza, na supavaiza alikuwa ametoka kwenda kula. Dakika arobaini tulisimama hapo tukigonga bati, Mathe amekaa juu ya gunia, anatuuliza kama Jumatatu atakubaliwa kurudi kazini.

Hospitalini dada wa kaunta akaangalia kompyuta yake akasema, "Mama, SHA yako haijalipwa." SHA ni ile bima ya afya ya serikali tunayokatwa kwenye mshahara.

Mathe hutembea na pesilipu. Aliitoa kwenye mfuko wa aproni kwa mkono uliobaki, akaikunjua. "Si hii hapa, mwanangu. Nimekatwa."

Yule dada aliisoma yote, akamrudishia kwa adabu. "Ni kweli umekatwa, mama. Lakini hawajaleta."

Tulichanga kwa M-Pesa usiku huo huo, wengine mia, wengine hamsini. Na hata SHA yenyewe haikufaa kuguswa: mtu akiumia kazini ni mzigo wa mwajiri, sheria ya fidia za majeraha kazini, WIBA, ya 2007 inamlazimu awe na bima ya watu wake. Tulipouliza habari ya bima, kampuni ikasema Mathe ni mtu wa ajenti. Ajenti akasema ajali ilitokea kwa kampuni. Mpaka leo vidole vya Mathe havina mwenyewe.

Basi tuliporudi, kila mmoja akatoa simu kuangalia michango yake ya NSSF. Yangu ilisimama miezi 19 iliyopita. Wa kando yangu, 19. Yule kijana wa kupakia, aliyekuja mwaka jana, hana hata jina.

Nipigeni hesabu pamoja. Mshahara wangu ni ule wa chini kabisa wa Nairobi, shilingi 16,113.75. (Ni ule ulioongezwa asilimia 6: Rais alitangaza nyongeza hiyo Mei Mosi 2024, ikaanza kutumika Novemba. Na kisheria mshahara huo haujajumlisha marupurupu ya nyumba, ambazo mimi sijawahi kuziona.) NSSF asilimia 6, hiyo ni 966. SHA asilimia 2.75, hiyo ni 443. Makato ya ushuru wa nyumba nimeyaacha nje ya hesabu. Kwa hizo mbili tu, kila mwezi natoa 1,409, na tuko zaidi ya watu mia tatu. Ni zaidi ya laki nne na elfu ishirini kila mwezi inayotoka mifukoni mwetu. Na sijaongeza ile 966 nyingine ambayo kampuni inafaa kuweka kutoka mfuko wake. Hii ni pesa yetu tayari, imeshikwa njiani.

Sasa mtaniuliza, mheshimiwa ameingilia wapi?

Nililipa shilingi 650 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikatoa CR12 ya kampuni, ile karatasi inayoonyesha wenye hisa. Mtu yeyote anaweza, na nawashauri mfanye hivyo kwa kampuni zenu. Nikakuta hisa nyingi ziko kwa mke wa mwanasiasa mmoja na shemeji yake. Mwanasiasa mwenyewe hayumo kwenye karatasi. Lakini gari lake tunalijua. Likifika getini tunaambiwa tufagie, na wale wasio na viatu vya kazi wakae nyuma ya stoo hadi aondoke. Viatu tunajinunulia wenyewe pale Gikomba.

Na huyu ndiye alikuja kanisani kwetu Eastlands mwezi jana. Mimi nilikuwa benchi ya nne. Akasema yeye ni mtoto wa mlalahoi, akasema wafanyakazi ndio uti wa mgongo wa nchi hii, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, Mungu anisamehe. Bahasha ikasomwa: laki nne za paa. Rudini kwenye hesabu yangu hapo juu. Alitoa makato yetu ya mwezi mmoja akabaki na chenji.

Tangu Julai 2024 tuliambiwa viongozi wa serikali wasionekane tena kwenye harambee. Kwa hivyo kanisani kwetu bahasha ikasomwa kwa jina la mke, basi, mambo yakaisha. Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi aliamuru pesa ambazo Rais alitoa kule kanisa la Soweto zirudishwe, na nchi nzima ikashtuka. Mimi sikushtuka, nilitamani tu na mchungaji wetu angeuliza swali moja dogo: hizi zimetoka wapi?

Najua kuna wale watakuja hapa na "biashara ni yake binafsi, siasa ni kando". Huo wimbo tumeusikia. Fungueni Katiba, Sura ya Sita, kifungu cha 75. Kinasema afisa wa serikali ajichunge mwenendo wake katika kazi ya umma, katika maisha yake binafsi, na hata akishirikiana na watu wengine, asije akagonganisha maslahi yake na kazi ya umma wala kuishushia hadhi ofisi yake. Binafsi imo. Shemeji naye imemfikia. Kama kula SHA ya mama aliyekatika vidole hakushushi hadhi ya ofisi, basi hiyo ofisi haina hadhi ya kushushwa.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Binamu yangu alitafuta kazi ya ukarani serikalini. Akaambiwa alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema, cha HELB (mikopo ya masomo), KRA (ushuru), CRB (madeni) na EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi). Alizunguka mji huu wiki mbili, nauli ya kukopa. Anayeomba tenda ya kuuza penseli naye anadaiwa cheti cha ushuru. Anayetaka kututungia sheria anajaza fomu ya EACC mwenyewe, anajihoji mwenyewe, anajipasisha. Mwaka 2022 EACC iliwapelekea IEBC, tume ya uchaguzi, majina zaidi ya 200 ya wagombea iliowatilia shaka kwa uadilifu. Baadhi yao tulikutana nao kwenye karatasi ya kura.

Kwa hivyo sitaki tena kusikia mtu akisema fulani ni msafi kwa sababu hana kesi mahakamani Milimani. Kesi zinaahirishwa mpaka mashahidi wanazeeka. Ikifika uchaguzi wa 2027, kila mgombea alete ushahidi kutoka NSSF na SHA kwamba kila kampuni ambayo yeye au mkewe au mumewe ana hisa imelipa makato ya watu wake mpaka mwezi uliopita. Karatasi mbili tu. Akishindwa kupitisha 966 yangu kutoka dirisha moja hadi lingine, bajeti ya nchi atapitishaje?

Chama cha wafanyakazi? Kifungu cha 41 kinaturuhusu, ndiyo. Mwaka jana wanne walianza kukusanya sahihi. Zile siku zao kumi za kupumzika hazijaisha hadi leo.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma majibu. Anayesema "si uache kazi", kaka, asubuhi simama barabara ya kutoka Mukuru kwa Njenga saa kumi na moja uone idadi ya watu wanaopiga miguu kuja kuipigania. Dada aliyeuliza kama hata kampuni yake ya ulinzi huenda inafanya hivyo hivyo: ndiyo, toa taarifa yako ya NSSF uilinganishe na pesilipu mwezi kwa mwezi. Pesilipu usitupe hata moja, zipige picha, maana karatasi zile hufifia haraka. Mathe anaendelea vizuri, amebadilishwa bendeji leo. Asanteni mliouliza.

NYONGEZA YA PILI: Ajenti ametuma ujumbe kwenye grupu sasa hivi. Anasema kuna mtu anachafua jina la kampuni mitandaoni, na ajitokeze kabla ya Ijumaa, la sivyo shifti nzima itapumzishwa. Tuko kumi na wanne tunaoenda ofisi ya leba kesho na pesilipu zetu, na sasa wawili wamesema watoto wao wanaumwa. Siwalaumu. Kama kuna wakili humu anayejua kesi za makato, aniandikie pembeni usiku huu.