Mwaka wa kwanza tulipokelewa kwa mabango, mwaka wa pili tumeachwa barabarani

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Oktoba mwaka jana nilishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar, nimetoka Songea, siku nzima kwenye basi. Nikakuta vijana wa serikali ya wanafunzi na mabango yao wanatusubiri. Walinibebea begi na ndoo hadi kwenye gari la chuo. Hosteli nilikuwa nimeshapangiwa, kitanda cha juu, chumba cha watu sita. Wiki nzima tukaoneshwa maktaba iko wapi, zahanati iko wapi, ukikwama umwone nani. Tukaambiwa ukumbini kwamba hapa ni nyumbani kwenu.

Mwaka huu nimeshuka stendi ileile. Orodha ya hosteli imetoka siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa, nikiwa nimeshakata tiketi, na jina langu halimo. Mwaka wa pili karibu wote hatumo. Vitanda wamepewa wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho. Wadogo zetu sipingi wapewe, mji hawaujui. Ninachokataa ni kunyamaziwa. Tumefunga Julai, vitanda havijaongezeka wala kupungua, uongozi wa chuo mlishajua hatutatosha. Mngesema Agosti, wazazi wangejipanga.

Nimetafuta geto siku nne huku nalala chini kwa rafiki yangu. Dalali anataka hela kila akikuonesha chumba, na ukikipata anachukua kodi ya mwezi mzima. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Kodi ya miezi mitatu tu imezidi nilichokilipia hosteli mwaka mzima! Mama ameuza magunia manne ya mahindi, na hayo hayakuwa ya kuuza, yalikuwa ya kula nyumbani mpaka mavuno. Hakulalamika hata neno moja. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa njoo kwenye bumu, hela ya kujikimu ya mkopo. Mwaka wa kwanza wameshasaini kuipokea. Sisi tunaoendelea, hela haitoki mpaka chuo kipeleke matokeo yetu bodi ya mikopo kuonesha kwamba tumevuka mwaka. Hayajapelekwa. Kisa? Kozi moja, mwalimu hajaingiza alama kwenye mfumo, mtihani tulioufanya Julai! Shilingi 10,000 kwa siku, humohumo chakula, humohumo malazi, na darasa zima limekwama kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza. Nimeenda ofisi tatu. Ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakanituma ya tatu, ya tatu nikajibiwa, "Wewe si mgeni hapa, utaratibu unaujua."

Utaratibu upi? Ni nani alitukalisha chini akatuambia mwaka wa pili unakuwaje? Mwaka jana dirisha hilohilo niliitwa "mwanangu".

Na masomo hayatusubiri. Mwaka jana kozi nyingi zilikuwa za msingi, vitu tulivyovigusa kidato cha sita. Sasa ni fani yenyewe, wiki ya tatu hii tuna kazi nne za vikundi, na wenzangu wawili wamekeri, yaani wanarudia, kozi walizofeli mwaka jana juu ya hizo. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, hakuna atakayeandika kwamba ulikuwa huna pa kulala.

Ninachotaka hakihitaji bajeti. Orodha ya hosteli itoke wiki sita kabla. Alama ziwe na tarehe ya mwisho, na mwalimu akiichelewa awajibishwe yeye, si sisi tulale njaa.

Mlio mwaka wa pili vyuo vingine, matokeo yenu yalipelekwa lini? Na kaka na dada mliotangulia, kuna aliyewahi kumwandikia mshauri wa wanafunzi barua ya darasa zima ikajibiwa? Tumeshakusanya sahihi 61, tunaipeleka Jumatatu.