Wenye magari ya kizamani tupeane uzoefu: maonyesho gani yaliwahi kukutoa jasho?

MzeeWaKabureta
Jana nakatiza Mwanga nikaona Pijo 404 pikapu imebeba ndizi mpaka bampa ya nyuma inakaribia kulamba lami, na inatembea yenyewe haisukumwi na mtu. Nikasimama kabisa pembeni nikaiangalia mpaka ikapotea. Nikakumbuka Arusha Oktoba 2024, lile tamasha la Land Rover, tulipokwenda kuivunja rekodi ya Wajerumani ya gari 632.

Nina Land Rover Series III, 109, petroli. Tulitoka Korogwe saa kumi alfajiri, mimi, mdogo wangu na fundi wetu ambaye alikubali kuja kwa sharti la kulishwa nyama choma. Njia nzima chuma kimetulia, Same tumepita, Moshi tumepita, naimba. Balaa likaanza kwenye msafara wenyewe. Mwendo wa kinyonga, jua limekaa utosini, na wenye chuma hiki mnajua feni yake inavutwa na mkanda wa injini, injini ikizunguka taratibu feni nayo inapepea kama bibi aliyesinzia na kipepeo mkononi. Mshale wa joto ukapanda. Nikazima, nikawasha, nikazima. Mara fuuuu, mvuke mpaka kioo cha mbele sioni, na watu wanapiga picha wakidhani ni sehemu ya shoo!! Maji ya rejeta tumemaliza, maji ya kunywa tumemaliza, mdogo wangu ananinyooshea soda ya machungwa anasema weka na hii. Fundi anatafuta nyama choma.

Mama mmoja muuza mahindi akaja na ndoo kichwani. Nikamtolea hela akakataa, akasema baba yake alikuwa dereva wa Landrova ya bwana shamba na yeye kazi yake utotoni ilikuwa hiyo hiyo, kubeba ndoo. Akamimina mwenyewe, taratibu, injini ikiwa inaunguruma ili isipasuke. Mimi nilikuwa nataka kumwaga yote kwa pupa.

Haya, leteni na zenu.

chuma_chakavu
Landrova isiyochemsha ni ile ya kwenye kalenda ukutani.

KakaMbezi
Mkuu pole ila ulijitakia. Mimi yangu nilishang'oa lile jiko la mkaa nikafunga injini ya Toyota 3L, dizeli. Nimekwenda Arusha hiyo hiyo nimerudi Dar sijafungua boneti hata mara moja.

MzeeWaKabureta
Kwa hiyo wewe ulikuja na Toyota iliyovaa kanzu ya Land Rover. Na kwenye hesabu ukahesabiwa?

KakaMbezi
Nilihesabiwa na nikapigiwa makofi. Bodi ya kwake, chesisi ya kwake, beji ya kwake. Mtu akiwekewa figo ya ndugu yake anabadilishwa jina?

fundi_kipara
Figo sio injini kaka. Hapo umebadilisha moyo, mapafu na tabia. Ila nimezifunga hizo 3L kwenye Landrova nyingi tu, wateja ndio wanataka, mimi nakula wapi. Ukweli mchungu ni kwamba yenye injini yake ikisimama kwenye maonyesho watu wanainama kuangalia, yenye Toyota wanapita.

pwani_tanga
Nyie mnagombana injini wenzenu chesisi zimeliwa. Watu wanasema Land Rover haiozi, wanaangalia bodi. Bodi ni aluminiamu kwa sababu zilipotoka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, lakini chesisi ni chuma na chumvi ya bahari inaipenda sana. Yangu niliipeleka inang'aa juu kama kijiko, kijana akapiga magoti akagonga chini kwa funguo, kidole kikaingia. Mbele ya wakwe zangu. Sijaenda tena.

BintiMswaki
Afadhali wewe pwani_tanga ulichekwa na wakwe. Mimi na Concours d'Elegance ya Nairobi, yale mashindano ya gari safi na zuri, pale Ngong Racecourse. Anko wangu alikuwa na Volkswagen mgongo wa kobe na mimi ndiye nilikuwa namtengenezea kila kitu, kabureta, platini za kuwashia moto, waya, mpaka kushona viti. Asiyejua pale wanakagua kila mahali, nje, ndani, injini, buti na chini ya gari, na usafi ndio alama zenyewe. Siku tatu nimelala chini ya gari na mswaki na mafuta ya taa, kucha zimekuwa nyeusi mpaka nikaenda hivyo hivyo kwenye harusi ya rafiki yangu. Siku ya siku jaji anafika, anainama na tochi, anatingisha kichwa vizuri, anasimama anampa anko mkono, anamuuliza "fundi wako nani?" Anko ananionyesha mimi. Jaji akacheka akasema hapana, namaanisha fundi.

Kisha akafungua buti (ya Volks iko mbele) akakuta punje moja ya mahindi kwenye kona. Moja!! Nilitamani niimeze.

fundi_kipara
Dada njoo gereji kwangu kesho asubuhi, platini hawa vijana hata kuzijua hawazijui, wao ni kompyuta tu.

BintiMswaki
Mshahara kwanza.

Mzenji_Leicester
Mimi niko Uingereza, huku Septemba ni mwezi wa wendawazimu wetu. Kuna Goodwood Revival, wanaiga zama za 1948 mpaka 1966 wakati ile njia ya mashindano ilikuwa hai, na watu wanakwenda wamevaa nguo za enzi hizo, mikanda ya mabegani, kofia, mabibi na glavu. Mara ya kwanza nilikuwa sina suti ya zamani nikavaa kanzu, koti na tarbushi, ndivyo marehemu babu alivyovaa Unguja miaka hiyo hiyo wakati wao wanavaa hizo suti zao. Nilipigwa picha kuliko magari. Bibi mmoja akaniuliza nimekuja na gari gani nikamwambia nimekuja na basi.

Ila la kutoa jasho ni Beaulieu, ule mnada wa vipuri wa Septemba, meza na mikeka uwanja mzima, chuma kutu mpaka upeo wa macho. Nikapata kabureta ya Zenith ya Land Rover Series, nzima, kwa ajili ya gari la mjomba Chake Chake. Furaha mpaka nikaibusu. Wakati wa kusafiri nikaiweka begi la mkononi nisije nikaibiwa. Nilikuwa nimeiosha lakini petroli ya miaka 50 haioshiki. Mashine imelia, begi limefunguliwa, harufu imetapakaa, nikawekwa chumba cha pembeni kwa muda wa saa mbili na nusu naeleza kabureta ni nini kwa mtu ambaye gari lake ni la umeme. Wakaichukua. Mjomba mpaka leo anadhani niliiuza.

chuma_chakavu
Wamekuonea. Ungesema ni birika.

mzee_503
Turudi kwa Pijo. Mleta mada umesema 404 ukapita haraka. Hiyo gari imebeba Safari Rally mara nne, 1963, 66, 67 na 68. Na za 66 na 67 ni Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam. Wakenya wakisimulia hapo wanakohoa kidogo.

NaxMatope
Hatukohoi boss. 63 na 68 ni Nowicki wa huku, na miaka yote miwili waliofika mwisho walikuwa gari saba tu. Saba! Na katikati hapo 1965 Joginder Singh akaichukua na Volvo. Si mtuachie hata kidogo.

mzee_503
Saba mnajivunia nini, matope ya kwenu yalikula wengine wote.

NaxMatope
Basi wacha niwape yangu mnyamaze.

Niko Nakuru. Mzee wangu aliniachia 504 saluni nyeupe ya 1977, gia ya kwenye usukani. Aliinunua Mombasa 1991, akafa 2009, logibuku iko na jina lake mpaka nikabadilisha. Nikaitengeneza miaka minne, nikaipeleka Ngong Racecourse. Gari imekaa kwa nyasi, imepigwa polishi, natetemeka nikingoja majaji.

Kuna mzee akaja, koti nzito, fimbo. Akasimama nyuma ya gari. Hagusi. Hasemi. Karibu dakika ishirini. Nikamsalimia shikamoo mzee, hakuitika. Halafu akasema, "kijana, inua mkeka wa nyuma, nyuma ya dereva." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "bati limeungua hapo, duara. Mke wangu aliweka jiko la makaa hapo tukitoka matanga, akadhani limezima."

Aki ya nani hiyo duara naijua. Rangi imevimba mviringo kama chapati iliyoungua. Niliiona nikipaka rangi nikaamua kuifunika tu na mkeka, hakuna mtu ameiona isipokuwa mimi na fundi. Nikainua mkeka, mkono unanitetemeka. Mzee hata hakuangalia, anajua. Akasema, "hii gari iliibiwa Machakos 1984. Leta funguo."

Watu wameanza kujaa. Na nyuma yao naona majaji wanakuja na tochi zao.

Wacha nile nirudi.

BintiMswaki
Unakula nini wewe??? Rudi hapa

KakaMbezi
Huyu nimemchukia ghafla

Mzenji_Leicester
Nimechelewa kazini namsubiri mtu anakula ugali Nakuru.

pwani_tanga
Kisheria mali ya wizi hairudi kuwa halali hata iuzwe mara kumi. Mrudishie mzee gari lake.

fundi_kipara
Usirudishe kitu. Kadi ya gari ina jina lako, mzee alete ya kwake.

chuma_chakavu
Duara la jiko liko kwenye nusu ya Pijo za Afrika Mashariki.

NaxMatope
Nimerudi. Ilikuwa githeri.

Majaji wamefika, mkeka uko juu, mzee amenyoosha mkono anataka funguo, mimi nimeganda. Akatokea mama wa kama miaka hamsini anakimbia na viatu mkononi, anasema "pole sana, pole, ni baba yangu, kila mwaka namleta na kila mwaka anapata 504 nyeupe anasema ni yake. Mwaka jana ilikuwa ya mtu wa Thika." Watu wakacheka, mimi nikacheka nikapumua, majaji wakacheka.

Nikamuuliza yule mama, na yule wa Thika pia alimwambia ainue mkeka? Akasema hapana, hajawahi kusema mambo ya mkeka. Nikamuonyesha duara. Akaangalia, akanyamaza, akavaa viatu vyake pole pole. Akasema, "mama alikuwa na jiko." Basi.

Jaji naye akaandika. Alama zilienda kwa sababu ya hiyo duara, nilijua tu.

Usiku nikampigia mamangu, nikamuuliza babangu alinunua gari kwa nani kule Mombasa. Kimya kirefu. Akasema hayo mambo ungemuuliza babako.

Mzee hana karatasi hata moja, anasema zilikuwa ndani ya gari. Kwa hivyo sijarudisha na sijui ningerudisha nini kwa nani. Lakini tangu siku hiyo kila Septemba nampitia kwake, anakaa kiti cha mbele na njia yote ananifokea nabadilisha gia vibaya. Na anajua kuliko mimi, ya pili inataka uivute kwanza kidogo kwako. Funguo simpi.

BintiMswaki
"Mama alikuwa na jiko." Nimeshindwa kuendelea na kazi.

mzee_503
Hiyo ya kuvuta ya pili kwako ni kweli kabisa, mwenye gia ya usukani ya kuchakaa anaijua. Hilo mtu halioti ndotoni.

chuma_chakavu
Au amekaa kiti cha mbele miaka mingi kwenye gari la mtu wa Thika.

KakaMbezi
Wewe nani alikukosea utotoni?

dogo_gari
Samahani wakubwa shikamooni, nina Landrova ya urithi nataka kwenda nayo kwenye maonyesho mara ya kwanza, inachemsha kidogo na tangi linavuja, nifanyeje?

pwani_tanga
Tangi paka sabuni ya mche, kavu, isugue kwenye ufa, itakufikisha. Rejeta ikivuja vunja yai bichi ndani.

fundi_kipara
Sabuni sawa. YAI USIWEKE. Linaziba njia za maji, kisha unafungua rejeta nzima. Nimeshasafisha kimanda humo.

MzeeWaKabureta
Mimi niliweka yai 1998, likanifikisha Tanga, gari likanuka wiki nzima. Chagua wewe. Na beba ndoo.

KakaMbezi
Au funga 3L.

mzee_503
Mleta mada hebu rudi kwenye ile 404 pikapu ya Mwanga. Natafuta taa ya nyuma ya kulia mwaka wa tatu huu. Hukuchukua hata namba ya simu ya mwenyewe?

MzeeWaKabureta
Nimepita tena leo makusudi, nimemkuta. Gari hauzi, taa haitoi. Ndizi ameniuzia.