Hedifoni za kumiksi nyumbani: tupeane uzoefu

FundiWaNyalenda
Jana usiku mvua ilinyesha Kisumu, mabati yakapiga kelele mpaka nikashindwa kumiksi, yaani kusawazisha sauti nilizorekodi ziwe wimbo mmoja. Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani, na nilipoziangalia nikakumbuka zile zangu za kwanza. Kuna kijana hapa mtaani ameniuliza mara tatu anunue zipi, na kila mara namjibu huku natembea. Leo nataka kumjibu vizuri, na nyinyi mnisaidie.

Mwaka wa 2017 nilikuwa na laptopu, intafesi ndogo (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na hedifoni kwenye laptopu), maiki moja, na hedifoni nilizonunua barabara ya Oginga Odinga kwa mchuuzi wa vifaa vya simu. Zilikuwa na besi ya kutetemesha taya, na niliamini hiyo ndiyo sifa. Kikundi kimoja cha benga kutoka pande za Ahero kikaja kurekodi kwangu: magitaa mawili, besi, ngoma, na nyatiti kwenye wimbo mmoja. Tulirekodi siku nne, godoro limeegemezwa mlangoni, feni imezimwa, jasho linatiririka. Halafu nikamiksi wiki mbili. Kila nikisikiliza, besi imejaa. Naikata. Kesho nikiamka, bado imejaa. Naikata tena. Huku juu sauti ilikuwa kama imefunikwa blanketi, basi nikaongeza trebo, zile sauti kali za juu, mpaka kamba zote nane za nyatiti zikasikika moja moja. Ndani ya zile hedifoni, wallahi, wimbo ulikuwa umekaa.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, hema mbili, spika za kukodi na sabufa kubwa kama kifua cha mtu. Wazee mbele, kina mama na sare zao. DJ akabonyeza. Besi hakuna. Magitaa yanakwaruza kama msumari kwenye bati. Watu walikuwa tayari wamesimama kucheza. Kuna mama alikuwa ameinua mikono nusu, akaishusha polepole, akaketi. Ile mikono naiona mpaka leo. Mzee kiongozi wa kikundi hakunigombeza. Alimpa DJ ishara azime, akafungua kasha, akatoa gitaa lake, akachomeka kwenye amplifaya, wakapiga wimbo uleule wenyewe. Watu wakacheza. Mimi niko nyuma ya hema, flashi iko mfukoni.

Hedifoni zilikuwa zinaongeza besi ambayo haikuwa kwenye wimbo. Nilidhani napunguza iliyozidi, kumbe nakata ile ya kweli.

Nilirudia miksi yote bure, kwa Sony MDR-7506 za kuazima, zile zenye waya uliojikunja kama wa simu ya mezani. Ziko sokoni tangu 1991 na bado watu wanazinunua. Siku ya kwanza nilizichukia, ziliniambia kila kosa. Siku ya tatu nikaanza kusikia ukucha wa mpiga besi ukigonga waya kabla ya noti. Ulikuwepo wakati wote.

Haya, wewe zako zilikufunza nini?

Dunga_Sauti
Omera, hiyo mikono ya yule mama imeniuma.

KijanaWaLurambi
Mulembe wote. Mimi niko Kakamega, kazi yangu kubwa ni isukuti. Wanaoijua wanajua: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zote zinaongea kwa wakati mmoja. Ukikosea kidogo zinageuka ngoma moja inayonguruma.

Nilipata Beyerdynamic DT 770 Pro za mtumba, za ohm 250 (ohm ni kipimo cha jinsi hedifoni zinavyoupinga umeme). Nikachomeka kwenye simu. Sauti ndogo, ngoma kubwa kama inapigwa nyumba ya tatu. Nikampigia aliyeniuzia nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kumbe hedifoni hizohizo hutengenezwa za ohm 32, 80 na 250, na hizi za 250 zinataka nguvu ambayo simu yangu haina. Nilipozichomeka kwenye intafesi, ngoma zote tatu zikaachana, kila moja na mahali pake. Nilimrudia yule jamaa nikamwomba radhi uso kwa uso. Kwa hivyo kabla ya kununua, soma ile namba ya ohm kwenye boksi, halafu angalia utachomeka wapi.

Spika_Kwanza (Nakuru)
Mnajidanganya. Hakuna aliyewahi kumiksi kitu cha maana kwa hedifoni. Spika ndiyo kazi. Hedifoni ni za kutafuta kelele na pumzi.

FundiWaNyalenda
Ndugu yangu, chumba changu ni futi 10 kwa 10, kuta za mawe. Chumba cha ukubwa huo hushika sauti za karibu Hz 56, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, na kuzirudisha ukutani huku na huku. Waya mnene wa gitaa la besi huanzia Hz 41, kwa hivyo noti za besi zinapita palepale. Nikikaa kitini siisikii besi, nikisimama mlangoni inanipiga kifuani. Sasa niamini kiti au mlango?

Spika_Kwanza (Nakuru)
Weka trei za mayai ukutani.

KijanaWaLurambi
Trei za mayai? Zile hupunguza mwangwi wa juu kidogo tu, besi inapita kama hakuna kitu. Mimi niliweka trei 60, nikazitoa zote.

Spika_Kwanza (Nakuru)
Mliweka vibaya. Na mimi nawauliza: kwa hedifoni sikio la kushoto linasikia cha kushoto peke yake. Kwa spika masikio yote mawili yanasikia pande zote mbili. Ndiyo maana magitaa mnayoyatupa kushoto na kulia yanaonekana mbali sana kwa hedifoni, halafu kwa spika yanarudi karibu. Nijibuni hilo.

FundiWaNyalenda
Hilo ni kweli, silipingi hata kidogo. Ndiyo maana nikimaliza kupanga kushoto na kulia naenda kusikiliza kwa spika ya jirani.

Dunga_Sauti
Basi mmekubaliana, mbona mnapigana?

MamaBiti_Section58
Mimi nataka kusema yangu kwa sababu imenikaa miaka miwili na sijawahi kuiandika mahali.

Ninaishi Nakuru, Section 58. Namiksi usiku kwa sababu mchana niko kazini, na mtoto hulala chumba hichohicho. Kwa hivyo nilichagua hedifoni zilizofungwa nyuma, zinazobana masikio vizuri, ili mtoto asiamke. Usiku mmoja saa nane nilikuwa namiksi kwaya. Sauti ya pili na ya tatu zilikuwa zinagongana, nikawa narudia mstari mmoja, narudia, narudia. Macho kwenye skrini, taa nimezima.

Nikahisi baridi miguuni.

Nikadhani ni dirisha. Nikaendelea. Baridi ikazidi, pazia likagusa bega langu. Nikavua hedifoni upande mmoja, nikasikia mbwa wote wa ploti wanabweka. Mlango uko wazi kabisa. Mtungi wa gesi hakuna. Simu iliyokuwa ikichaji karibu na jiko hakuna. Mtu alikuwa ameingia, amefungua vali ya gesi akatoa mtungi, amepita hatua mbili nyuma ya mgongo wangu, na mimi nimeinamisha kichwa nasikiliza kwaya. Mtoto alikuwa amelala kati yangu na mlango.

Hakumgusa. Lakini niliketi sakafuni nimemkumbatia mpaka kukapambazuka. Miezi mitatu sikuweza kuvaa hedifoni yoyote ya kufunika masikio. Nikizivaa moyo unaenda mbio.

Dunga_Sauti
Dada, pole sana. Mungu alikuwa hapo.

KijanaWaLurambi
Jamani! Pole, mama. Mlango una komeo la ndani sasa?

MamaBiti_Section58
Mawili. Na kufuli.

AskariWaMiksi_Bungoma
Fuga bata bukini. Siongei mchezo, bukini ana kelele kuliko mbwa, na mwizi humwogopa.

Dunga_Sauti
Bukini kwenye ploti ya kupanga? Mwenye nyumba atawatoa wote wawili. Weka sufuria juu ya kiti nyuma ya mlango, na kiti kiguse mguu wako.

Spika_Kwanza (Nakuru)
Angekuwa na spika angesikia.

FundiWaNyalenda
Ndugu, hapo umekosea. Mtoto amelala chumba hicho. Usimwambie mama hivyo.

Spika_Kwanza (Nakuru)
Ni kweli. Nisamehe, dada. Nimezungumza bila kufikiri.

MamaBiti_Section58
Nimekusamehe. Sasa ninatumia Sennheiser HD 600 za kununua kwa mtu, zilizo wazi nyuma. Nasikia wimbo na pia nasikia chumba. Mtoto akikohoa najua. Na masikio hayachoki kama zamani. Nikirekodi mwimbaji ndipo natoa zile za kufungwa, kwa sababu za wazi zinavuja, maiki inakamata biti na huwezi kuitoa tena.

AskariWaMiksi_Bungoma
HD 600 ni ohm 300, mtu aelewe anataka intafesi yenye nguvu.

Wuod_Kondele
Mimi nasema tofauti. Usihangaike na majina. Chukua AKG K240 Studio, ohm 55, zinaenda hata na laptopu, zimefungwa nusu na ziko wazi nusu. Zizoee mwaka mzima. Mtu anayejua hedifoni zake hushinda mwenye hedifoni za bei.

AskariWaMiksi_Bungoma
Hapana. Nunua ghali mara moja. Mimi nimenunua za bei rahisi mara nne, hesabu yake ingenunua za maana. Ya tatu ilikuwa feki yenye jina kubwa, herufi moja kwenye boksi ilikuwa imepinda na sikuiona mpaka nimefika nyumbani.

Wuod_Kondele
Mara nne kwa sababu hukuzoea hata moja.

KijanaWaLurambi
Bluetooth je?

FundiWaNyalenda
Ya kusikiliza kwenye matatu, sawa. Ya kumiksi, usithubutu. Sauti inabanwa kabla ifike, na inachelewa: unabonyeza kinanda sasa, unasikia baadaye.

Dunga_Sauti
Kitu ambacho hakijasemwa ni masikio yenyewe. Nina umri wa miaka 41 na sikio la kulia linalia wii mchana kutwa. Hakuna aliyenipiga, nilijifanyia kwa hedifoni, usiku baada ya usiku. Kiwango ambacho wataalamu wengi hupendekeza kwa wafanyakazi ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane. Ukiongeza tatu tu, 88, unabaki na saa nne. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio husikia besi kidogo, ndiyo maana mkono unapanda tu kwenye kitufe kutafuta besi. Usiufuate. Weka wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri, ukubwa wa sauti uwe sawa na wa miksi yako, linganisha, kisha vua hedifoni, toka nje dakika kumi. Nawasihi kabisa. Hii wii hairudi nyuma.

MamaBiti_Section58
Pole, kaka. Leo nitapunguza.

Wuod_Kondele
Na joto la Kisumu hula ile ngozi ya masikioni, inachubuka mpaka unabaki na vipande vyeusi shingoni. Ukibadilisha chukua za aina ileile. Mimi niliweka nyingine nene na besi ikabadilika kabisa, nikaanza kuzijifunza upya.

KijanaWaLurambi
Fundi, hukumaliza. Mzee alisemaje kuhusu miksi ya pili?

FundiWaNyalenda
Nilimpelekea Ahero mwenyewe. Akazivaa zile za Sony juu ya kofia, nikamwambia avue kofia kwanza. Akasikiliza wimbo wote amefumba macho, mguu unapiga chini. Ulipoisha akamwita mpiga besi, akamwambia: "Kata kucha."

Kijana_wa_mtaani
Mimi ndiye yule aliyeuliza mara tatu. Nimesoma yote. Nina elfu nane na ninarekodi rap chumbani, ndugu zangu wawili wanalala hapo.

FundiWaNyalenda
Kuja Jumamosi saa nne asubuhi na wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Nitakuvalisha nilizonazo zote, za wazi na za kufungwa, usitoe pesa kwanza. Na mwambie mama yako unakuja kwangu, usiku usikukute njiani.