Miaka 5 ya R-1: Marekani inawatendea haki mapadre na wachungaji wanaotoka nje?

Mnyalukolo
Wakuu, tuliweke mezani. Jimbo kule Marekani linamchukua padre kutoka Njombe kwa viza ya R-1, ile ya muda ya watumishi wa dini. Anapewa miezi 30, anaongezewa 30, miaka 5 imekwisha. Ombi lake la ukaazi wa kudumu liko kapu la EB-4, la wahamiaji maalumu wakiwemo watumishi wa dini, lenye viza kama 9,940 kwa mwaka kwa dunia nzima. Tangu 2023 foleni ya watoto waliotelekezwa kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador imechanganywa na ya wengine wote. Mwaka wa fedha 2025 viza zilikwisha Februari! Padre anafunga virago, parokia inabaki yatima. Hii haki?

Chakubanga
Mwenye nyumba ndiye anayepanga nani alale wapi. Halafu tusidanganyane, ukaguzi wao wenyewe ulikuta maombi ya watumishi wa dini asilimia 70 ni ya kughushi. Siku hizi hata mpiga kinanda anajiita mtumishi wa Mungu ili apande ndege.

Besi ya Pili
70 umeiokota wapi? Ripoti ni ya 2006, ilikuta asilimia 33. Hilo nimekusamehe. Mpiga kinanda kakukosea nini? Kanuni inataka kazi ihusike hasa na shughuli za kidini na dhehebu lenyewe liitambue hivyo. Waliotajwa kuwa hawafai ni wafagizi, mafundi wa matengenezo, makarani na wachangisha fedha. Kinanda umekiona hapo?

Chakubanga
Na kwenye wanaofaa umekiona? Padre asipokuwepo hakuna Misa. Mpiga kinanda asipokuwepo watu wanaimba kwa midomo yao.

Besi ya Pili
Wewe inaonekana unasalia kwenye spika.

Sakristia
Mnabishana hewani. Kinachoua maombi haya ni barua. Ikiandikwa "mwanamuziki wa kanisa" halafu nukta, jiandae kuulizwa ushahidi zaidi. Andika ratiba ya wiki nzima: Misa anazopiga, mazoezi ya kwaya, kuchagua nyimbo kwa kufuata kalenda ya liturujia, kuwafundisha waimbaji wa zaburi. Wastani ufike saa 20 kwa wiki. Ambatisha waraka wa dhehebu unaoitambua kazi hiyo, uthibitisho wa uanachama wa miaka 2 mfululizo kabla ya kuomba, barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya msamaha wa kodi wa kanisa, na ushahidi wa malipo. Afisa akija kukagua anaweza kumuuliza hata karani wa ofisi: huyu Jumatano anafanya nini? Jibu likipishana na ratiba, mmekwenda na maji.

Binti Mkapuchini
Na masista wenye nadhiri ya ufukara? Hawana mshahara.

Chakubanga
Sakristia, kwa hiyo unakiri kwamba kinanda bila karatasi nzuri si utumishi.

Sakristia
Hata upadre bila karatasi nzuri hauvuki. Zamani barua ya askofu ilikufikisha ubalozini moja kwa moja. Tangu Novemba 2008 lazima mwajiri apeleke I-129, fomu ya kumwombea mfanyakazi, kwanza, ikubaliwe, ndipo mtu aende kwenye usaili. Na kulipia uharakishwe haiwezekani kama kanisa halijawahi kukaguliwa likafaulu.

Mlutheri wa Kando
Mmesahau tatizo kubwa la wapiga kinanda: bahasha. Viza imefungwa kwa kanisa lililoomba. Ukienda kupiga harusi kanisa la jirani ukapewa dola 150, hiyo ni kazi bila kibali, hata kama bwana harusi ni shemasi wako.

Besi ya Pili
Na padre anayesaidia Misa jimbo jingine akapewa bahasha, yeye ni malaika? Mbona mnaanza na kinanda?

Mnyalukolo
Jamani, mada! Nimeuliza kuhusu miaka 5. Padre anatoka, anakaa nje mwaka mzima ndipo arudi.

Sakristia
Huo mwaka umeondolewa na kanuni ya Januari 2026. Kutoka lazima atoke, ila hakuna tena muda wa chini wa kukaa nje. I-129 mpya na viza mpya anavihitaji vilevile. Foleni ya EB-4 haikuguswa, hiyo ni kazi ya Bunge. Na kwenye ukaazi wa kudumu, saa 20 hazitoshi: I-360, fomu ya kuombea ukaazi huo, inataka ofa ya kazi ya saa 35 kwa wiki. Asiye padre wala mchungaji ana msiba wa pili, kipengele chake kina tarehe ya kufa, Bunge hukiongezea uhai kidogo kidogo, na kwa mwaka hawazidi 5,000.

Binti Mkapuchini, samahani, umepitwa. Nadhiri si kizuizi. Malipo yanaweza kuwa chumba, chakula na bima ya afya. Shirika lionyeshe bajeti, hesabu za nyuma na barua ya mkuu wa shirika inayosema nani anagharamia nini. Sentensi ya "Mungu atatupa" usiiweke.

Mnyalukolo
Kwa hiyo foleni ni haki au si haki?

Chakubanga
Mpiga ngoma je, naye anaingia?

Besi ya Pili
Akifikisha saa 20 za ngoma ya ibada kwa wiki, na majirani wasiite polisi, anaingia.